Nasaba mbili za Yesu, Mathayo na Luka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majina humu yameandikwa zaidi kama yalivyo katika Biblia ya Kiswahili ya Union. Anayesoma Habari Njema au tafsiri nyingine atakuta tahajia iliyotofautiana kidogo, lakini watu ni walewale.

Nasaba hizi ziko wapi?

Mathayo 1:1–17 na Luka 3:23–38. Hakuna ya tatu. Marko anaanzia kwa Yohana Mbatizaji jangwani, na Injili ya Yohana inaanzia kwa Neno kabla ya kuumbwa ulimwengu.

Mathayo anashuka. Anaanza na Ibrahimu, kila mtu "akamzaa" anayefuata, hadi Yusufu mumewe Mariamu. Luka anapanda: anaanza na Yesu, anarudi kwa Yusufu, kisha "wa Eli, wa Mathati, wa Lawi", hatua kwa hatua mpaka "wa Adamu, wa Mungu". Mathayo ameiweka nasaba mlangoni kabisa mwa kitabu chake. Luka ameichelewesha hadi baada ya ubatizo, pale sauti iliposema "Wewe ndiwe Mwanangu", na mara tu nasaba inapokwisha, Ibilisi anaanza na "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu". Kwa hiyo ile "wa Mungu" ya mwisho inasimama katikati ya kauli mbili zinazozungumzia jambo lilelile.

Zinaachana wapi hasa?

Kuanzia Adamu hadi Tera, baba yake Ibrahimu, Luka yuko peke yake. Kuanzia Ibrahimu hadi Daudi wanakwenda pamoja, isipokuwa jina moja karibu na Hesroni ambalo tutalirudia. Shida yote iko kati ya Daudi na Yusufu.

Mathayo anatoka kwa Daudi kwenda kwa Sulemani na kufuata wafalme wa Yuda. Luka anatoka kwa Daudi kwenda kwa Nathani. Huyu si nabii Nathani aliyemkemea Daudi. Ni mtoto wa Daudi, anayetajwa katika 2 Samweli 5:14 na 1 Mambo ya Nyakati 3:5, ndugu wa tumbo moja na Sulemani. Wengi hujikwaa hapo.

Mikondo miwili inakutana tena kwa watu wawili tu, Shealtieli na Zerubabeli, kisha inaachana mara ya pili mpaka kwa Yusufu. Majina mengine yanayofanana, kwa mfano Eliakimu, yako sehemu tofauti za orodha na si mtu mmoja.

Tofauti ya idadi si ndogo. Baada ya Daudi, Mathayo anapiga hatua 27 kumfikia Yesu. Luka anapiga 42. Na baba yake Yusufu kwa Mathayo ni Yakobo, kwa Luka ni Eli.

Nizilinganisheje mwenyewe?

Chukua karatasi ndefu, igawe safu tatu. Safu ya kwanza andika Mathayo kama alivyo, kutoka juu kwenda chini. Safu ya pili andika Luka kuanzia mstari wa 38 ukirudi nyuma hadi wa 23, ili wote wawili washuke. Wengi huruka hatua hii, wakasoma Luka kutoka juu, kisha wakaona kila jina limegongana na jingine. Acha nafasi ishirini tupu upande wa Mathayo kwa ajili ya Adamu hadi Tera, ili Ibrahimu wawili wakae mstari mmoja.

Safu ya tatu ni ya Agano la Kale: Mwanzo 5 na 11 kwa ajili ya Adamu hadi Ibrahimu, Ruthu 4:18–22 kwa Peresi hadi Daudi, na 1 Mambo ya Nyakati 3 kwa nyumba ya Daudi. Mambo ya Nyakati 3 ndiyo muhimu kuliko zote, maana bila hiyo hutaona ni nani ameachwa. Baada ya Zerubabeli safu ya tatu itabaki tupu: katika majina yanayofuata, kwa Mathayo na kwa Luka, hakuna unaloweza kulithibitisha kwa nasaba ya Agano la Kale. Watoto wa Zerubabeli wametajwa katika 1 Nyakati 3:19–20, na humo hayumo Abihudi wa Mathayo wala Resa wa Luka.

Kuna wanaodhani Resa si mtu bali ni neno la Kiaramu lenye maana ya mkuu, kwamba orodha ya zamani ilisema "Zerubabeli mkuu", na Yoana anayefuata ni yule Hanania wa Mambo ya Nyakati. Ni dhana nzuri, lakini ni dhana.

Mathayo anasema vizazi kumi na vinne mara tatu. Mbona nikihesabu sipati 42?

Kwa sababu majina ni 41. Ukigawa kwa kutomrudia mtu yeyote utapata hivi: Ibrahimu hadi Daudi 14, Sulemani hadi Yekonia 14, Shealtieli hadi Yesu 13. Kundi la mwisho limepungukiwa mmoja.

Njia inayofuata maneno ya mstari wa 17 kwa karibu zaidi ni kumhesabu Daudi mara mbili, kwa kuwa Mathayo mwenyewe anamtaja mara mbili: "tangu Ibrahimu hata Daudi", kisha "tangu Daudi hata ule uhamisho". Jaribu: Ibrahimu hadi Daudi 14, Daudi hadi Yosia 14, Yekonia, aliyehamishwa kwenda Babeli, hadi Yesu 14. Hesabu inatimia bila kuongeza jina.

Wengine humhesabu Yekonia mara mbili, kabla na baada ya uhamisho. Nayo inatoa jibu, ila inakulazimu ueleze kwa nini Daudi hapewi upendeleo huohuo. Wapo pia wanaosema kuna jina lililodondoka katika kunakili: Yosia alimzaa Yehoyakimu, na Yehoyakimu ndiye aliyemzaa Yekonia. Nakala kadhaa za Kigiriki zina Yehoyakimu hapo, lakini zile za kale hazina, na inaelekea waandishi wa baadaye walimwingiza ili kurekebisha. Hoja yao yenye uzito ni ile "Yekonia na ndugu zake". Yekonia anatajiwa ndugu mmoja tu katika 1 Nyakati 3:16, ilhali Yehoyakimu alikuwa na ndugu kadhaa, wawili wao wakiwa wafalme.

Kwa nini kumi na vinne?

Maelezo yaliyozoeleka zaidi yanatoka katika jina la Daudi. Kwa Kiebrania herufi ni tarakimu pia, na Daudi huandikwa kwa herufi tatu: daleti 4, vavu 6, daleti 4. Jumla 14. Daudi ndiye jina la kumi na nne, na ndiye pekee anayeitwa mfalme katika orodha ingawa amefuatwa na wafalme wengi. Mathayo haelezi hesabu hiyo, kwa hiyo usiitangaze kama aya ya Biblia, lakini ni vigumu kuamini imetokea tu.

Ni wafalme gani walioachwa?

Kati ya Yoramu na Uzia wameachwa watatu mfululizo: Ahazia, Yoashi na Amazia. Linganisha na 1 Nyakati 3:11–12, ambapo Uzia anaitwa Azaria. Wa nne ni Yehoyakimu, kati ya Yosia na Yekonia.

Sababu zinazotolewa ni tatu. Kwanza ni ile hesabu ya 14. Pili, watatu hao ni uzao wa Athalia, wa nyumba ya Ahabu, na laana juu ya nyumba hiyo inajulikana. Tatu, katika Kigiriki majina ya Ahazia na Uzia yanafanana sana, na jicho la mwandishi linaweza kuruka kutoka moja hadi jingine. Ya tatu inaeleza vizuri kwa nini ni hao watatu hasa na si wengine. Ya kwanza inaeleza kwa nini Mathayo hakusumbuka.

Lakini amesema "akamzaa". Kuruka vizazi si kusema uongo?

Soma mstari wa kwanza wa kitabu chake: Yesu Kristo, mwana wa Daudi, mwana wa Ibrahimu. Ameshuka karne zote hizo kwa vituo viwili, na hakuna msomaji aliyedhani Daudi alikuwa mtoto wa Ibrahimu. Kwa Kiebrania "mwana" hubeba mjukuu na kitukuu, na "kuzaa" hubeba uzao wote utokao kwa mtu. Mswahili mwenye baba mkubwa na baba mdogo, na anayeambiwa "huyu ni mtoto wa kina fulani" akiwa na maana ya kitukuu, hapaswi kutatizika sana.

Mfano ulio wazi zaidi ni nasaba ya Ezra. Ezra 7:3 anamwita Azaria mwana wa Merayothi. Fungua 1 Nyakati 6 utakuta kati ya wawili hao watu sita: Amaria, Ahitubu, Sadoki, Ahimaasi, Azaria mwingine na Yohana. Ezra alikuwa kuhani, na ukoo ndio uliokuwa cheti chake cha kazi.

Hesabu ya miaka nayo inaonyesha kwamba Mathayo ameruka hata baada ya uhamisho. Zerubabeli yuko kazini kama liwali wa Yuda mwaka wa pili wa Dario, mfalme wa Uajemi, 520 KK. Toka hapo hadi kuzaliwa Yesu ni kama miaka 515. Mathayo ana hatua 11, yaani wastani wa miaka 47 kwa kila kizazi. Luka ana 20, wastani wa miaka 26. Wa Luka ndio unaofanana na maisha ya watu.

Basi Yusufu ni mwana wa Yakobo au wa Eli?

Hili ndilo swali lenyewe, na majibu yake ni manne. Kila moja lina gharama, na anayekupa moja bila kukutajia gharama yake amekupunja.

La kale kuliko yote tunalipata kwa Julius Africanus, mwandishi Mkristo wa karne ya 3, katika barua iliyohifadhiwa na mwanahistoria Eusebio wa Kaisaria. Anasema hivi. Matani wa ukoo wa Sulemani alimwoa mwanamke aitwaye Estha, wakamzaa Yakobo. Matani akafa. Mjane akaolewa na mtu wa ukoo wa Nathani, wakamzaa Eli. Yakobo na Eli wakawa ndugu wa mama mmoja, baba mbalimbali. Eli akaoa, akafa bila mtoto. Yakobo akamchukua mjane wake ili kumwinulia ndugu yake uzao, kama Kumbukumbu la Torati 25:5–6 inavyoagiza, akazaliwa Yusufu. Kwa damu ni wa Yakobo, kwa sheria ni wa Eli. Wasomaji wa Kiluo wanaoijua tero, desturi ya kumrithi mjane wa ndugu, hawahitaji kuelezwa zaidi: mtoto anazaliwa na ndugu aliye hai, lakini anahesabiwa wa marehemu.

Gharama zake: Africanus anamtaja Melki kama baba wa Eli, ilhali kwa Luka tuliyenaye baba wa Eli ni Mathati, na Melki yuko nyuma zaidi. Pia katika sheria ya Kiyahudi kama ilivyokuja kufafanuliwa na marabi, wajibu huo ni wa ndugu wa baba mmoja. Ndugu wa mama mmoja tu hahusiki. Na mpango huohuo utauhitaji tena kwa Shealtieli.

La pili ndilo linalopendwa mimbarani: Mathayo ametoa ukoo wa Yusufu, Luka wa Mariamu, na Eli ni baba yake Mariamu, mkwewe Yusufu. Lilipata nguvu kuanzia mwisho wa karne ya 15 kupitia Annius wa Viterbo, mtawa wa Italia. Wanaolitetea husema kwamba katika Kigiriki kila jina la Luka lina kibainishi (neno dogo kama "the" la Kiingereza) mbele yake isipokuwa la Yusufu, kwa hiyo Yusufu yuko nje ya mnyororo, na sentensi isomwe "Yesu, aliyedhaniwa kuwa wa Yusufu, [kumbe] wa Eli". Husema pia kwamba mkwe aliweza kubeba ukoo wa mke: Sheshani, asiye na mtoto wa kiume, alimpa binti yake mtumwa wake Yarha (1 Nyakati 2:34–35), na kuhani mmoja aliitwa kwa jina la Barzilai kwa sababu alioa binti wa nyumba hiyo (Ezra 2:61).

Mifano hiyo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba Luka hamtaji Mariamu hapo hata kidogo, na alipotaka kueleza nani ni wa Daudi alimtaja Yusufu, wa mbari na jamaa ya Daudi (1:27, 2:4). Kuhusu Mariamu anachosema ni kwamba ni jamaa ya Elisabeti, na Elisabeti ni wa uzao wa Haruni. Kukosekana kwa kibainishi kabla ya Yusufu kunaelezeka kwa sarufi ya kawaida. Na mapokeo ya kale ya kanisa yanamwita baba yake Mariamu Yoakimu. Wapo wanaoongeza kwamba Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inamtaja "Miriamu binti Eli". Usiitumie hiyo: ni mwanamke mwingine, hatajwi kuwa mama wa Yesu, na jina la babaye linasomeka kama majani ya vitunguu.

La tatu, lililotetewa na kasisi Arthur Hervey huko Uingereza mwaka 1853: Mathayo ameandika urithi wa kiti cha enzi, nani alikuwa mrithi halali baada ya nani, na Luka ameandika wazazi hasa. Mrithi akikosa mtoto, haki inahamia tawi la jirani, na orodha zinagongana bila kupingana. Halihitaji kumwingiza Mariamu. Linahitaji, hata hivyo, tukubali bila ushahidi kwamba kulikuwa na daftari la warithi hadi karne ya kwanza.

La nne ndilo la wataalamu wengi wa vyuo vikuu leo: hatuna madaftari mawili ya familia, tuna maandiko mawili ya kumtambulisha Yesu, na kila mwinjilisti ametumia orodha aliyokuwa nayo kwa shabaha yake. Mathayo anataka mrithi wa Daudi na mwana wa Ibrahimu. Luka anataka mwana wa Adamu, wa watu wote. Gharama ya jibu hili ni kwamba halikuambii baba yake Yusufu alikuwa nani, na muulizaji ataondoka na swali lake mkononi.

Kwa maoni yetu la kwanza na la tatu yanawezekana, la pili ndilo dhaifu zaidi kwa maneno yaliyoandikwa ingawa ndilo maarufu zaidi, na la nne linaeleza umbo la orodha kuliko yote.

Shealtieli naye ana baba wawili?

Ndiyo. Mathayo anamfanya wa Yekonia, sawa na 1 Nyakati 3:17. Luka anamfanya wa Neri. Na Zerubabeli naye: Ezra, Nehemia na Hagai wanamwita mwana wa Shealtieli, lakini 1 Nyakati 3:19 inamwita mwana wa Pedaya, nduguye Shealtieli. Hilo la Zerubabeli ni la maana sana, kwa sababu linaonyesha kwamba mtu mmoja kuandikwa chini ya baba wawili hakukuanza na Injili. Kumo ndani ya Agano la Kale lenyewe, na katika nyumba hiihii.

Yekonia alilaaniwa. Je, laana haimgusi Yesu?

Yeremia 22:30 anaagiza Yekonia aandikwe kama asiye na watoto, na kwamba hakuna wa uzao wake atakayefanikiwa kuketi katika kiti cha Daudi. Watetezi wa nasaba ya Mariamu hulitumia sana: Yesu akiwa na damu ya Yekonia hawezi kutawala, kwa hiyo damu imepita kwa Nathani.

Hoja hiyo inasahau mambo mawili. Watoto alikuwa nao: 1 Nyakati 3 inataja saba, na vibao vya udongo vilivyochimbuliwa Babeli, kimojawapo cha mwaka 592 KK, vinaorodhesha posho ya mafuta kwa mfalme wa Yuda na wanawe watano. Kwa hiyo "asiye na watoto" ni habari ya kiti cha enzi, si ya tumbo. Na Hagai 2:23 anamgeuzia Zerubabeli, mjukuu wake, picha ileile. Katika Yeremia 22:24 Yekonia ni pete ya muhuri inayong'olewa mkononi. Katika Hagai Zerubabeli anafanywa kuwa pete ya muhuri. Tena Luka mwenyewe anapita kwa Shealtieli na Zerubabeli, kwa hiyo kukimbilia kwa Luka hakukuondolei swali mpaka umweleze Neri.

Kama Yusufu si baba wa mwili, nasaba yake ya nini?

Ya sheria. Malaika anamwita Yusufu "mwana wa Daudi" (Mathayo 1:20), na sura inafungwa kwa Yusufu kumpa mtoto jina. Kumpa jina ni kumkubali kuwa wake, na kwa kukubaliwa huko mtoto anaingia ukoo wa Daudi. Luka naye ameweka "akidhaniwa" mwanzoni kabisa.

Hapa msomaji wa Kiswahili awe macho. Mathayo 1:16 inasema "Yusufu mumewe Mariamu aliyemzaa YESU". Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika "aliyemzaa", na kwetu wote wawili huzaa, kwa hiyo mtu anaweza kubisha kwamba aliyemzaa ni Yusufu. Katika Kigiriki mlango huo umefungwa: kiwakilishi ni cha kike, umoja, kinamrudia Mariamu peke yake. Zaidi ya hapo, kitenzi kilichotumika mara 39 kwa namna ya "alimzaa" kinageuka ghafla kuwa cha kutendwa, "alizaliwa".

Kuna nakala moja ya Kisiria, iliyoonekana na Agnes Smith Lewis mwaka 1892 katika monasteri ya Mtakatifu Katerina, Sinai, inayosema Yusufu, aliyeposwa kwake bikira Mariamu, alimzaa Yesu. Inajipinga yenyewe katika sentensi moja, na inaelekea mwandishi aliendelea tu na mdundo wa "akamzaa".

Kwa nini Mathayo ametaja wanawake?

Watano: Tamari, Rahabu, Ruthu, "yule mke wa Uria", na Mariamu. Sara na Rebeka, ambao ungewatarajia, hawamo. Wanne wa kwanza aidha ni wageni au wameingizwa katika ukoo kwa ndoa zenye mkasa, na wanamtengenezea msomaji njia ya kumfikia wa tano. Jina la Bathsheba halitajwi. Mathayo ameacha jina la Uria lisimame pale limtazame Daudi.

Rahabu kuwa mama wa Boazi ni habari ya Mathayo pekee. Nayo ina hesabu yake: kwa mujibu wa 1 Wafalme 6:1, kati ya kutoka Misri na mwaka wa nne wa Sulemani ni miaka 480. Toa 40 za jangwani na kama 74 (70 za maisha ya Daudi na 4 za Sulemani), zinabaki 366 kutoka kuanguka kwa Yeriko, mji wa Rahabu, hadi kuzaliwa Daudi, kwa wazaliwa wanne tu: Boazi, Obedi, Yese, Daudi. Kama miaka 91 kila mmoja. Ama kuna majina yaliyorukwa, ama 480 ni namba ya jumla.

Majina ya Luka ni 76, 77 au 78?

Inategemea nakala na unavyohesabu. Pale Mathayo anapokuwa na Aramu, nakala kadhaa za kale za Luka zina wawili: Admini na Arni. Biblia yenye Admini na Arni itakupa 77 kutoka Yesu hadi Adamu, na 78 ukimwongeza Mungu. Yenye Aramu peke yake itakupa 76, na 77 pamoja na Mungu. Watu wawili wanaweza kusema "77" wakiwa wamehesabu vitu tofauti.

Richard Bauckham, mtaalamu wa Agano Jipya, amependekeza kwamba hesabu ya 77 imekusudiwa: Henoko ni wa 7 kutoka Adamu, na Kitabu cha Henoko, kinachonukuliwa katika waraka wa Yuda, kinasema juu ya vizazi sabini mpaka hukumu. Saba na sabini, unamfikia Yesu.

Kenani wa Luka 3:36 katoka wapi?

Katika Septuaginta, tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale, ambapo Arfaksadi anamzaa Kenani na Kenani akiwa na miaka 130 anamzaa Sala. Biblia ya Kiebrania haina huyo. Arfaksadi anamzaa Sala moja kwa moja. Usimchanganye na Kenani mwana wa Enoshi, ambaye yuko kote.

Mathayo aliandika Asa au Asafu?

Nakala za kale zaidi zina Asafu badala ya mfalme Asa, na Amosi badala ya mfalme Amoni, yaani mtunga zaburi na nabii. Tafsiri nyingi zinabaki na wafalme na kuweka tanbihi. Jambo dogo.

Katika mihadhara ya Wakristo na Waislamu huulizwa: mtu mmoja anawezaje kuwa na babu wawili?

Kila mtu anao wawili, ila muulizaji ana maana ya upande wa baba. Qur'ani humwita Isa bin Maryam na haimpi nasaba ya baba, kwa hiyo kwa Mwislamu orodha zote mbili zina Yusufu asiyehitajika. Jibu la haki ni kukiri kwamba majina yanatofautiana, kuonyesha Zerubabeli wa Agano la Kale mwenye baba wawili, kisha kutaja maelezo kama maelezo. Anayesimama akasema "Luka ameandika ya Mariamu" ataombwa aya, na aya hana.

Waandishi wa zamani hawakuliona tatizo hili?

Waliliona, na baadhi walichukua kalamu. Kodeksi ya Bezae, kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono karibu karne ya 5, iliyoko Chuo Kikuu cha Cambridge, ina Luka ambaye kuanzia Yusufu hadi Daudi majina yake ni ya Mathayo yaliyogeuzwa, na wafalme walioachwa wamerudishwa. Mwandishi alimaliza mgogoro kwa kuifuta orodha moja.

Wengine waliharibu bila kukusudia. Katika nakala ya karne ya 14 inayoitwa 109, iliyoko London, mwandishi alikuwa ananakili nasaba ya Luka kutoka kwenye ukurasa wenye safu mbili za mistari 28. Badala ya kushuka safu ya kwanza hadi mwisho ndipo aende ya pili, akasoma kukatiza safu zote mbili. Karibu kila mtu akapata baba asiye wake. Na kwa kuwa jina la Mungu halikuwa chini kabisa ya safu yake, likatumbukia katikati ya orodha: Mungu akawa mwana wa Aramu, na asili ya wanadamu wote ikawa Peresi.